Kuosha Baiskeli Katito: Adui ni Mchanga Ulio Ndani ya Cheni

Ijumaa au Jumamosi jioni, kutegemea kanisa la mwenye boma, baiskeli nyingi za Nyakach hupinduliwa magurudumu juu uani na kumwagiwa maji. Sabuni ya unga hukorogwa kwenye karai, watoto hupewa matambara, rimu husuguliwa kwa stilwul hadi zikang'aa, na mwishowe cheni humiminiwa oili chafu iliyoombwa kwa fundi wa pikipiki. Kazi hii hufanywa kwa nia njema na kwa jasho. Sehemu yake kubwa huidhuru baiskeli, na uchambuzi huu unakusudia kueleza ni sehemu ipi, kwa nini, na kipi kifanywe badala yake kwa vitu vinavyopatikana nyumbani.

Tuanze na udongo, maana uchafu wa Katito si wa aina moja. Mji huu wa Nyakach uko kwenye barabara ya lami itokayo Ahero kwenda Sondu na Kisii, pale inapochepuka ile ya kwenda Kendu Bay na Homa Bay. Ukitoka kwenye lami upande wa chini, kuelekea Ziwa Victoria na uwanda wa Kano, unaingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ya Machi hadi Mei ikishika, udongo huo huvimba, hunata kwenye tairi, na hujazana chini ya madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Kiangazi hupasuka na kugeuka vumbi laini. Ukipanda uwanda wa juu wa Nyabondo unakutana na udongo mwekundu, ule unaofyatuliwa matofali. Na katikati, mito inayoshuka kutoka nyanda za juu huacha mchanga, ambao vijana huuchota na kuwauzia wajenzi. Tofauti hii ina maana kubwa kwa msafishaji. Tope la mfinyanzi ni la usumbufu zaidi: linaongeza uzito, linaziba, linashika unyevu unaoleta kutu. Mchanga ndio mharibifu. Punje zake nyingi ni za kwatzi, jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida, na punje moja ikiingia kati ya vyuma viwili vinavyosuguana hufanya kazi ya tupa kila unapopiga pedali.

Baiskeli zenyewe pia ni za namna kadhaa. Ipo Black Mamba, ile nzito ya mtindo wa Kiingereza inayotengenezwa India na China, yenye breki za vyuma na gia moja. Ndiyo iliyoanzisha kazi ya bodaboda kwenye mpaka wa Busia katika miaka ya 1960, ikaenea hadi Kisumu na vijiji vyote vya kando ya ziwa kabla ya pikipiki kuichukua biashara ya abiria. Mizigo haijaiacha: mitungi ya maji, magunia ya makaa, maziwa, mkate. Ipo Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, ambayo kwa Kenya huunganishwa Kisumu. Keria yake imeundwa kubeba kilo 100 na breki yake ya nyuma hufungwa kwa kurudisha pedali nyuma. Na zipo baiskeli za mitumba zenye gia nyingi, zilizofika kwa meli kutoka Ulaya, ambazo wanafunzi na vijana wanazipenda. Nitataja tofauti zao panapohitajika, lakini mahali pa kuumia ni pamoja kwa zote: ni kwenye cheni.

Cheni ya baiskeli bado inafuata wazo ambalo Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, alilipatia hataza Manchester mwaka 1880. Kila kiungo kina pini inayopita ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayozunguka inapokaa kwenye meno ya gia. Mabamba ya pembeni, yale unayoyaona na kuyasugua, hayafanyi kazi ya msuguano kabisa. Kazi yao ni kuvuta. Msuguano unaoila cheni uko pale usipopaona, kati ya pini na bushi. Cheni ya Mamba ina viungo kama 112. Kila kimoja kikilika sehemu ya kumi ya milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukigundua, cheni nzima inarefuka kwa zaidi ya milimita 11. Hapo ndipo watu husema cheni imevutika. Chuma hakijavutika hata kidogo. Kimesagwa kutoka ndani.

Kutokana na hilo, cheni inayong'aa nje yaweza kuwa imekwisha, na cheni nyeusi yaweza kuwa nzima. Mng'aro hausemi lolote kuhusu pini.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila fundi wa baiskeli kando ya ziwa aujue. Mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, timu ya James Spicer ilipima ni kiasi gani cha nguvu ya mpanda baiskeli hupotea kwenye cheni. Katika hali nzuri kabisa cheni ilipeleka asilimia 98.6 ya nguvu kwenye gurudumu. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba katika maabara ile safi, aina ya mafuta yaliyopakwa haikuleta tofauti ya maana; mkazo wa cheni na ukubwa wa gia ndivyo vilivyobadilisha matokeo. Mtu asikimbilie kusema basi mafuta hayana faida. Maabara haina vumbi la Katito, wala haina mvua inayoleta kutu. Funzo ninalolichukua ni jingine: mafuta ya cheni kazi yake kubwa ni kulinda, kwa kujaza nafasi iliyo kati ya pini na bushi ili mchanga na maji visipate pa kukaa. Anayemimina mafuta mengi akidhani anarahisisha safari anakosea. Mafuta yaliyobaki nje ya kiungo hayalindi chochote, na vumbi huyatafuta.

Sasa kila njia ya kusafisha tuihukumu kwa swali moja: je, inautoa mchanga kwenye kiungo, au inausukuma ndani zaidi?

Njia ya kwanza ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, nayo ni kupangusa kavu. Tambara la fulana kuukuu, mswaki wa zamani wenye nywele ngumu, na kijiti cha kuchokolea kati ya meno ya gia. Cheni ikiwa imeshikwa na vumbi tu, inatosha kuizungusha ndani ya tambara mizunguko kadhaa hadi tambara libaki na alama hafifu. Kwa vumbi la kiangazi sijui njia iliyo bora zaidi kwa matumizi ya kila wiki, kwa sababu haina kioevu cha kubebea punje kuziingiza ndani. Kwa tope jeusi utaratibu unabadilika kidogo. Mabonge makubwa yatolewe kwa kijiti yakiwa bado mabichi, hasa chini ya madigadi na karibu na breki, ili magurudumu yazunguke. Utando unaobaki kwenye cheni na gia uachwe ukauke. Mfinyanzi ukikauka hupasuka na kubanduka kwa brashi; ukisuguliwa ungali mbichi hugeuka uji na kuingia kila upenyo. Rangi ya fremu ni kinyume chake: hiyo isipigwe brashi kavu, maana mchanga utaikwaruza. Fremu hupewa maji, cheni hupewa brashi.

Na maji? Sina ugomvi na maji. Ndoo moja ya lita 10 yenye sabuni kidogo inatosha baiskeli nzima, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa ni mazuri kabisa. Ugomvi uko kwenye namna yanavyotumiwa. Tambara lilowe, likamuliwe, lipitishwe kuanzia juu, yaani usukani, siti na fremu, kisha magurudumu, na gia ziwe za mwisho, kwa tambara jingine. Anayeanza na cheni huhamishia grisi na mchanga kwenye rangi na, vibaya zaidi, kwenye rimu ambako breki hushika. Kumwaga maji juu ya baiskeli iliyopinduliwa kuna hasara nyingine: maji huingia ndani ya fremu na kutiririka hadi kwenye vikombe vya usukani, na baiskeli ikigeuzwa huteremka hadi kwenye kranki. Maji hayo hayana pa kutokea. Kutu inayoifunga kranki miezi sita baadaye huhesabiwa kuwa ni ubovu wa vyuma, ilhali ilianzia kwenye ndoo.

Mashine za presha za vituo vya kuoshea magari zinavutia kwa kasi yake, na vijana wengi wa pikipiki na baiskeli hupitia huko. Kwa baiskeli nazikataa bila kusita. Habu na kranki za Mamba hazina sili za mpira za kuzuia maji. Zina kifuniko cha bati na grisi tu. Maji ya presha hupita hapo papo hapo, hufukuza grisi, na kuacha tope laini kwenye gololi. Baiskeli hutoka ikipendeza, na huko ndani imeanza kujisaga.

Kuna njia ya siku nyingi kando ya ziwa, nayo ni kuingiza chombo majini, mtoni au ziwani, na kukioshea humo. Hapa ubaya hauishii kwenye chuma. Fukwe za Ziwa Victoria zina konokono wanaobeba kichocho cha tumbo, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini hata kwa muda mfupi. Waosha magari wa Kisumu wamechangia sana kuufahamu ugonjwa huu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba nchini, na wenzao wa shirika la afya la CDC la Marekani waliwafuatilia kwa miaka, wakiwatibu na kuwapima tena, na mwaka 2002 walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa na kuambukizwa upya mara nyingi kwa sababu ya kazi yao, walijenga kinga dhidi ya maambukizi mapya. Vijana hao walikuwa wanatafuta riziki. Anayepeleka baiskeli yake ziwani ili kuokoa ndoo moja ya maji hana sababu hata hiyo. Tena oili inayotoka kwenye cheni huelea, na chini ya mkondo kuna mtu anayechota maji ya kunywa. Kanuni za Ubora wa Maji nchini zinakataza kuchafua mito na maziwa, lakini hata kama zisingekuwapo, jirani yupo.

Tufike kwenye mafuta ya taa, ambayo kwa mafundi wetu ndiyo dawa ya kila uchafu. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ni dawa kweli, ila dozi yake hukosewa.

Mafuta ya taa huyeyusha grisi na oili iliyoganda, na hivyo huachilia mchanga ulionaswa ndani yake. Ni hatua ambayo maji na sabuni haziiwezi vizuri. Kosa ni kuyapaka kwa brashi juu ya cheni ikiwa kwenye baiskeli, kisha kupaka oili mpya palepale. Uchafu ulioyeyuka huwa bado umo, umekuwa mwepesi zaidi, na umeteremka hadi kwenye pini. Oili mpya huufungia humo. Kama cheni haitolewi, basi baada ya brashi ipanguswe, ipakwe tena mafuta ya taa kidogo, ipanguswe tena, hadi tambara litoke bila weusi, kisha iachwe juani ikauke kabla ya tone la oili kuigusa.

Njia iliyo bora ni kuitoa cheni. Baiskeli za gia moja nyingi zina kiungo cha klipu kinachofunguka kwa bisibisi au koleo. Cheni iwekwe kwenye mtungi wa plastiki wenye mdomo mpana na kifuniko, itiwe kikombe kimoja cha mafuta ya taa, itikiswe kwa nguvu dakika chache. Yamwagwe kwenye kopo, kitiwe kikombe cha pili kisafi, itikiswe tena. Vikombe viwili vidogo husafisha kuliko lita moja iliyomiminwa mara moja, kwa sababu kile cha pili hukuta uchafu umeshapungua. Kopo lifunikwe hadi kesho yake: matope hutua chini, na mafuta ya juu huwa safi kiasi cha kutumika kuoshea mara nyingine. Hili si jambo dogo tangu Septemba 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuzuia wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Yale yaliyokuwa mafuta ya maskini yalipanda bei yakakaribia dizeli. Masalia meusi ya chini ya kopo yasimwagwe shambani wala kwenye mtaro; yafungwe, yapelekwe gereji ambako oili chafu hukusanywa.

Wakati wa kurudisha klipu, upande wake ulioziba uelekee kule cheni inakokwenda, na ule wenye mwanya uwe nyuma. Ikigeuzwa, kijiwe au kijiti kikigonga mwanya klipu huchomoka, na cheni hukatika ukiwa na mzigo mlimani.

Naomba msomaji anisikie vizuri juu ya usalama. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Ni miongoni mwa sumu zinazowapata watoto wadogo mara nyingi zaidi katika nchi yetu, na sababu ni hiyo hiyo: mtoto ana kiu, ameona chupa anayoijua. Ikitokea, mtoto asilazimishwe kutapika, kwa kuwa madhara makubwa huja mafuta yanapoingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Petroli, ambayo baadhi hutumia kwa kuwa hukausha haraka, iachwe kabisa. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi kali, na jiko la makaa lililo hatua chache kutoka hapo linatosha kuulipua. Dizeli haina hatari ya kiwango hicho na husafisha kiasi, ila huacha utando mzito unaovuta vumbi. Sabuni ya kuoshea vyombo pamoja na maji moto yafaa kwa asiye na mafuta ya taa, mradi cheni ikaushwe juani mara moja. Ikilala na maji usiku mmoja, asubuhi itakuwa na rangi ya chungwa.

Friwili inahitaji uangalifu wa peke yake. Ndani yake kuna vijino vinavyosukumwa na springi ndogo ili vishike unapokanyaga na viachilie unapotulia. Oili nzito iliyochanganyika na vumbi hunatisha vijino hivyo, na pedali huteleza ghafla bila kuvuta. Laza baiskeli ubavuni, friwili ikitazama juu, zungusha gurudumu taratibu huku ukidondosha mafuta ya taa kidogo kwenye ufa unaozunguka. Acha yatoke upande wa pili, pangusa, subiri ikauke, kisha dondosha oili nyepesi kama ya cherehani. Grisi isiingie humo, na baiskeli ya Buffalo yenye breki ya kurudi nyuma isifanyiwe hivi kabisa: habu yake ya nyuma hutegemea grisi iliyowekwa ndani, na mafuta ya taa yataiosha.

Sasa oili. Nimesema kwamba oili chafu ya injini ndiyo inayotumiwa zaidi, na nasema wazi kwamba ndiyo mbaya zaidi. Weusi wake ni masizi na vipande vidogo mno vya chuma vilivyomenyeka kwenye injini, pamoja na tindikali inayotokana na kuungua kwa mafuta. Kuipaka kwenye cheni uliyotoka kuisafisha ni kuirudishia yale yale uliyoyatoa. Aidha oili iliyochomwa muda mrefu hukusanya kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayezishika kila siku, na mafundi wetu huishika kwa mikono mitupu toka asubuhi hadi jioni. Inapendwa kwa sababu ni ya bure. Lakini oili mpya ya injini, ile ile ya pikipiki, hutumika kwa matone. Chupa ya nusu lita iliyotumiwa sawasawa huitosha baiskeli moja kwa miaka kadhaa, kwa hiyo hoja ya gharama haina uzito.

Mafuta ya kupikia hayafai: yakipigwa na hewa na jua huganda kuwa gundi. Grisi inafaa kwenye gololi, si kwenye cheni, kwani ni nzito mno kuingia kati ya pini na bushi na hubaki nje kukusanya mchanga. Nta nayo ina watetezi wake, na mashindano ya baiskeli ya dunia yameirudisha kwenye sifa. Mishumaa ya kawaida huyeyushwa kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na cheni safi kabisa isiyo na mafuta hata kidogo hutumbukizwa humo, huchezeshwa hadi mapovu yaishe, kisha hutundikwa ipoe. Nta iliyoganda haishiki vumbi. Kwa mwanafunzi anayekwenda shule kwenye vumbi la Januari na Februari, naiona kuwa njia nzuri sana. Kwa mchuuzi anayepita kwenye madimbwi ya Aprili haifai, kwani maji huiondoa upesi na chini yake chuma huwa kitupu.

Namna ya kuipaka oili mpya ni hii. Tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa cheni, ule unaokaa kwenye meno. Zungusha pedali nyuma taratibu huku ukidondosha. Kwenye Buffalo inua gurudumu la nyuma uzungushe mbele, kwa sababu ukirudisha nyuma unafunga breki. Iache usiku kucha iingie. Asubuhi chukua tambara kavu, upanguse nje yote kama vile unataka kuiondoa oili uliyoipaka. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua kama kazi ya jana itadumu wiki mbili au siku mbili.

Rimu zisiguswe na oili hata chembe. Breki za vyuma za Mamba hubana kwa mpira upande wa ndani wa rimu, na utando mdogo tu wa mafuta unatosha kuifanya baiskeli yenye magunia mawili isisimame kwenye mteremko wa kutoka Nyabondo. Ikishatokea, rimu ifutwe kwa spiriti au sabuni, na mpira wa breki ukwaruzwe kwa msasa.

Limebaki jambo la mafuriko, ambalo vitabu vya Ulaya vya kutunza baiskeli huligusia kidogo, ilhali Kano na Nyakach ya chini wanaliishi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na kumeza nyumba za kandokando. Kati ya Machi na Mei 2024 mvua zikaleta tena mafuriko sehemu nyingi za nchi. Baiskeli iliyolala chini ya maji hayo usiku mmoja haisafishwi kwa njia yoyote niliyoitaja hadi sasa. Maji yaliyoingia kwenye habu na kranki yana mfinyanzi laini uliobaki kuelea, nao hutua katikati ya gololi. Lazima ifunguliwe. Kwa kawaida habu ya mbele ina gololi 10 kila upande, ya nyuma 9 kubwa zaidi, na kranki 11 kila upande. Zihesabiwe wakati wa kutoa, zioshwe kwa mafuta ya taa, na zile zilizopata vishimo zibadilishwe zote za upande huo kwa pamoja, kwa kuwa moja mpya kati ya zilizolika hubeba mzigo peke yake. Vikombe vifutwe, baiskeli iachwe imesimama, bila kupinduliwa, hadi fremu imwage maji yake kupitia kranki iliyofunguliwa, kisha grisi mpya ijazwe. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi. Anayeiahirisha kwa kuwa magurudumu bado yanazunguka atanunua habu nzima kabla ya mvua za Oktoba.

Mara ngapi? Kwa anayebeba mizigo kila siku wakati wa mvua, kupangusa na matone ya oili kila wiki. Kiangazi, kupangusa kila wiki na oili kila baada ya wiki mbili au tatu. Kuitoa cheni na kuiosha kwa mafuta ya taa, mara moja mwanzo wa kila msimu yatosha. Anayeiosha kila Jumamosi huondoa mafuta ya ndani kuliko anavyoweza kuyarudisha.

Na kuna kipimo kinachomaliza ubishi wote kuhusu njia ipi ni bora. Chukua rula ya chuma ya inchi 12. Weka mwanzo wake katikati ya pini moja, cheni ikiwa imekazwa, uhesabu, hiyo ikiwa ya kwanza, hadi pini ya 25. Cheni mpya itakuwa inchi 12 kamili. Ipime kila baada ya miezi mitatu uandike. Cheni inayorefuka polepole inakuambia kwamba usafi wako ni mzuri. Ikifika inchi 12 na moja ya nane kwenye baiskeli ya gia moja, au nusu ya ongezeko hilo kwenye ile ya gia nyingi, ibadilishe mara moja kabla haijayala meno, maana ikishayala, utanunua cheni, friwili na gia ya mbele kwa pamoja.